Mkataba Uandikwe Jua Likiwaka: Kanisa, Msikiti na Kaunti Kwenye Kambi ya Mafuriko Nyando

Ukumbi wa kanisa wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 12 huketisha waumini 400 siku ya Jumapili. Kwa kulala, ukumbi huohuo hulaza watu 68. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni mita 3.5 za mraba kwa kila mtu chini ya paa, na mita 240 ukizigawa kwa 3.5 unabaki na hao 68. Hesabu hii hatukuipiga mpaka usiku ule wa mwisho wa Aprili 2024, maji ya mto Nyando yakiwa yameshaingia vijijini chini ya Ahero, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, na nyumba 61, watu karibu 300, wamesimama mlangoni na magodoro kichwani.

Tuliwaingiza wote. Nani angewafungia? Lakini kufikia siku ya tatu watoto walikuwa wanakohoa, vyoo viwili vya kanisa vimejaa, na kina mama wanalala wameketi. Tunaandika haya kama kamati ya pamoja ya kanisa moja, msikiti mmoja na vyama vitatu vya akina mama, tuliofungua kambi mara ya kwanza kwa moyo tu, na mara ya pili kwa mkataba na serikali ya kaunti. Tofauti ya mara hizo mbili ndiyo tunayotaka wenzetu wa Nyakach, Budalang'i na kwingineko waione kabla hayajawakuta.

Msimu ule wa kwanza kanisa lilitumia zaidi ya shilingi 400,000, akiba yote ya ujenzi, na sehemu kubwa ilikwenda kwa kuni, maji na kukodi malori. Hakuna shilingi iliyorudi. Tulipopeleka risiti kwenye ofisi moja ya umma tuliambiwa, kwa heshima kabisa, kwamba hakuna kifungu cha bajeti cha kulipia kitu ambacho serikali haikuagiza. Tuliumia sana. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba afisa yule alisema kweli: pesa za umma hazitoki ila zipitishwe na bunge la kaunti na zifuate sheria ya manunuzi, hata kama njaa iko mlangoni. Kosa lilikuwa letu la kudhani kwamba ahadi iliyotolewa kwa mdomo mbele ya umati ni deni.

Jambo la kwanza tulilolifanya mvua ilipokatika ni kujiuliza nani ana nini. Makanisa mengi huiendea kaunti yakiomba chakula, na chakula ndicho kitu ambacho kaunti hukipata kwa shida zaidi katika siku za mwanzo. Kaunti ina maafisa wa afya ya umma, malori ya maji, magari ya kunyonya vyoo, zahanati na mamlaka ya kisheria. Sisi tuna paa, jiko, sufuria kubwa za harusi na matanga, na watu wanaojua nani ni nani kijijini. Mkataba mzuri unabadilishana vitu hivyo, na pesa hazitajwi sana.

Halafu kuna suala la serikali ipi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti huduma za afya, maji na usafi, chekechea, zimamoto na kukabiliana na majanga. Lakini chifu na naibu wake ni watu wa serikali kuu, chini ya kamishna wa kaunti, na mahindi ya msaada ya serikali kuu hupitia kwao. Idara ya watoto nayo ni ya serikali kuu. Barua yetu ya kwanza tuliiandikia kaunti peke yake, na chifu alipoisikia kwa watu wengine akaona amerukwa. Ilituchukua wiki tatu na vikao viwili vya chai kurekebisha hilo. Barua ya pili ilikuwa na nakala tatu tangu mwanzo: msimamizi wa wadi, naibu wa kamishna wa kaunti, na afisa wa maendeleo ya jamii. Mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti alipata nakala ya kumjulisha tu. Tulimwambia wazi, "Mheshimiwa, karibu kambini wakati wowote, lakini orodha ya watu haitatoka ofisini kwako," na alikubali.

Kwenye usajili ndiko tulikopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kamati yetu ya pamoja haikuwepo kisheria. Kanisa limesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, msikiti una wadhamini wake, na vyama vya akina mama viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka watu wasiopungua 10, katiba ya kikundi, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha, na orodha ya wanachama pamoja na nambari zao za vitambulisho. Kimoja kati ya vyama vyetu kilikuwa na cheti cha zamani, na katibu wake aliyetajwa humo alishahamia Nakuru. Rasimu ya mkataba ilikaa wiki sita kwenye dawati kwa sababu ya cheti hicho kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, kusanyeni vyeti vyote mezani na msome majina yaliyomo. Mwisho tuliamua kwamba kanisa lisaini kama mwenye jengo, na wengine wasaini kama washirika, kila mmoja kwa cheti chake. Kusajili kikundi kipya cha pamoja kungetugharimu msimu mwingine.

Safari ya hati yenyewe ilikuwa hivi. Barua ya nia ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa wadi. Kutoka hapo kwenda idara inayoshughulikia majanga, ambako walitupa afisa wa kukaa naye. Rasimu tuliiandika sisi kwanza, kurasa nne, kwa sababu anayeandika rasimu ndiye anayeweka maswali mezani. Kisha ofisi ya mwanasheria wa kaunti, ambako ilikaa muda mrefu zaidi na kurudi na wino mwekundu, halafu saini. Miezi minne kwa jumla. Kila karatasi iliyoingia ofisini tulikuwa na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe, na mtu mmoja tu, katibu wetu, ndiye aliyefuatilia, kila Jumanne. Wakifuatilia watano, kila mmoja anaambiwa hadithi yake.

Kalenda ya bajeti ibandikeni ukutani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni humo kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Maana yake ni kwamba ukilia Aprili maji yakiwa sebuleni, pesa za Aprili hiyo ziligawanywa zamani. Unabaki kutegemea mfuko wa dharura, na sheria imeuwekea kikomo: malipo yake ya mwaka hayawezi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliokaguliwa. Sisi tulikwenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi tukiwa na ombi moja lililoandikwa: vyoo sita vya kudumu vilivyoinuliwa kwenye uwanja wa kambi na tangi moja la lita 10,000. Hatukuomba "msaada kwa waathiriwa". Ombi lenye idadi na mahali mwandishi wa bajeti huliweka kwenye mstari wake. Neno "msaada" hana pa kuliweka.

Katika mkataba wenyewe, kifungu tulichokibishania zaidi ni cha lini kambi inafunguliwa. Rasimu ya kwanza ilisema "mafuriko yakitokea". Nani atasema yametokea? Mara ya kwanza, siku mbili zilipotea hapo, kila upande ukingoja mwingine atangaze. Tulikifuta tukaandika alama. Kwenye kivuko tuna nguzo ya zege iliyopakwa rangi mbili. Maji yakigusa njano, na ofisi ya utabiri wa hali ya hewa ya kaunti ikiwa imetoa onyo la mvua kubwa, msimamizi wa wadi anapigiwa simu, na afisa wa afya ya umma anafika kukagua uwanja ndani ya saa 24. Maji yakigusa nyekundu, kambi iko wazi, hakuna anayengoja tangazo, na saa ambazo kaunti imepewa kuleta lori la maji zinaanza kuhesabiwa. Nguzo hiyo na rangi zake viligharimu chini ya shilingi 3,000.

Vifungu vingine vilikuwa vyepesi zaidi ila visisahaulike. Nani analipa umeme wa ukumbi. Nani anatengeneza dirisha likivunjika. Bango la nani linapandwa getini. Tulikubaliana hakuna bango la mtu, wala picha ya mgombea, wala gari lenye rangi za chama. Ufunguo uko kwa nani usiku. Na siku ya kufunga kambi, jambo tutakalolirudia chini.

Sasa daftari. Tungepewa nafasi ya kumfundisha mtu kitu kimoja tu, tungemfundisha daftari.

Mara ya kwanza kulikuwa na orodha tatu: ya kwetu, ya ofisi ya utawala, na nyingine iliyotoka kwa mwanasiasa, na ile ya tatu ilikuwa karibu mara mbili ya yetu. Lori la kwanza la unga lilipofika, waliolibeba walisimama na orodha yao, watu wetu wakasimama na yao, na kina mama waliolala kambini wakaona unga ukienda kwa watu ambao nyumba zao hazikuguswa na maji. Palikuwa na kelele, na mzee mmoja alisukumwa akaanguka. Hilo bado linatuuma.

Mara ya pili orodha ilikuwa moja, na iliandikwa na watu watatu walioketi kwenye dawati moja: mtu wa kamati, naibu wa chifu, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji kile. Huyu wa tatu ndiye nguzo. Wahudumu hawa waliopewa simu na mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023 wanazijua nyumba zao kwa majina, na simu ina orodha ya nyumba hizo tayari. Mtu akijiandikisha kutoka kijiji asichoishi, mhudumu anajua papo hapo.

Daftari lenyewe ni kauntabuku kubwa lenye jalada gumu, kalamu ya wino, na mistari ya rula. Safu zake: nambari, jina la mwenye nyumba, kijiji, tarakimu nne za mwisho za kitambulisho, idadi ya watoto walio chini ya miaka 5, wa 5 hadi 17, watu wazima, na waliofika miaka 60, herufi ya hitaji maalumu, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, saini au kidole. Kosa likifanyika linakatwa kwa mstari mmoja, maneno yaonekane, na wote watatu waweke herufi za majina yao pembeni. Karatasi haing'olewi. Kila nyumba inapewa kadi ya manila yenye nambari ileile, na kadi inatobolewa tundu moja kila mgao. Mtu asiyeona kadi yake ikitobolewa ajue mgao wake haujaandikwa, alalamike palepale.

Kuna jambo moja ambalo fomu zilizochapishwa huko mjini huwa hazilijui. Kwetu boma moja, yaani dala, linaweza kuwa na nyumba tatu za wake, na vibanda vya vijana vinavyoitwa simba. Fomu ikiuliza "mkuu wa kaya", anaandikwa mzee mmoja, na watu 14 wanapewa mgao wa watu 5. Mke mdogo ndiye anayekosa. Kwenye daftari letu kila mwanamke anayepika kwenye jiko lake ni nyumba, na anaandikwa kwa jina lake yeye. Mwanzoni wazee wawili hawakufurahi. Tulikwenda kukaa nao, tukawaonyesha hesabu ya unga, na mmoja wao akasema, "Basi muandikeni mama yao, ndiye anayewalisha."

Daftari hilo pia ni siri. Lina nambari za watu, ulemavu, ujauzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata kanisa. Msimu wa kwanza kijana wetu, kwa nia njema, alipiga picha kurasa zake akazituma kwenye kundi la WhatsApp ili wafadhili waone idadi. Siku iliyofuata matapeli walikuwa wanawapigia kina mama simu wakiwataka watume pesa ya "usajili wa msaada". Sasa wafadhili wanapewa jumla tu: nyumba ngapi, watu wangapi, watoto wangapi.

Chakula. Kiwango kinachotumiwa ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao unaokaribia hapo ni gramu 400 za unga wa mahindi, 60 za maharagwe, 25 za mafuta, 50 za unga wa uji uliochanganywa na soya, 15 za sukari na 5 za chumvi. Kwa watu 300 hiyo ni kilo 120 za unga kila siku, ambazo ni marobota 5 ya pakiti 12 za kilo mbili, pamoja na kilo 18 za maharagwe, kilo saba na nusu za mafuta, kilo 15 za unga wa uji, kilo nne na nusu za sukari, na kilo moja na nusu ya chumvi. Zidisha kwa siku 7 kabla ya kumjibu mfadhili anayesema ataleta "chakula cha kutosha". Marobota 20 yanayopigwa picha nyingi yanaisha kwa siku nne.

Msipime unga kwa gorogoro. Kopo lile lilizoeleka kwa mahindi, na punje ni nzito kuliko unga. Gorogoro ya unga inapungua, na mgawaji hata bila kukusudia anapunja. Nunueni mizani ya kuning'iniza. Na mahindi ya punje yakija, ulizeni kwanza nani analipa kusaga na posho mili ipi haijazama. Sisi tulipokea magunia ya mahindi siku ambayo mashine zote za karibu zilikuwa ndani ya maji, yakakaa siku tano kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, na magunia mawili ya chini yakaota ukungu. Tuliyazika, maana mahindi yenye ukungu hayafai hata kwa kuku. Sasa stoo ina mbao zilizoinuliwa chini, magunia hayagusi ukuta, na mlango una kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kanisa, mwingine kwa chama cha akina mama. Hakuna anayefungua peke yake.

Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga, hivyo lita 4,500 kwa watu 300. Lori moja la lita 10,000 ni la siku mbili na kidogo. Lakini udongo mweusi wa tambarare yetu ya Kano ukilowa haumbebi mtu, sembuse lori. La kwanza lilizama hadi ekseli mita 200 kutoka kambini, na kulitoa kulichukua siku nzima. Tangi sasa liko kando ya barabara ya murram, na mpira unavuta maji hadi kambini. Yanayotoka kwenye lori yapimwe klorini na afisa wa afya kabla ya kuchotwa. Maji ya visima vilivyofunikwa na mafuriko tunayatibu kwa vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, na kungoja dakika 30. Yakiwa na tope, yaachwe yatuame, yachujwe kwa leso safi, na viwekwe viwili.

Vyoo vilitushinda kabisa mara ya kwanza. Tulichimba mashimo manne kwa siku moja, na asubuhi mawili yalikuwa yamejaa maji na moja kuta zake zimeporomoka. Katika udongo ule, maji ya ardhini yakiwa juu, shimo la kawaida halifai. Unainua sakafu kwa tuta la murram, unazungushia shimo fupi pete za zege, na unapanga gari la kunyonya lije kabla halijajaa. Kiwango ni choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha kimoja kwa 20, vya wanawake vikiwa mbali na vya wanaume, na taa usiku. Ombi la vyoo sita lilitokana na hesabu hiyo: 300 kwa 50.

Vyandarua navyo vihesabiwe. Ukanda wa ziwa malaria haipumziki. Chandarua kimoja kwa watu wawili ni makadirio ya haraka, kwa hiyo 150, na vichache vya akiba.

Kuna watu wanaokimbia maji na kuacha dawa zao za kila siku: za kifua kikuu, za virusi vya Ukimwi, za presha, za sukari. Msiwaulize kwa kipaza sauti. Mhudumu wa afya ya jamii hupita usiku wa kwanza, nyumba kwa nyumba, na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna dawa iliyobaki nyuma. Anaandika nambari ya kadi tu, bila jina la ugonjwa, na zahanati inaleta kifurushi kilichofungwa. Msimu wa kwanza mama mmoja alikaa siku sita bila dawa zake kwa sababu dawati la kuulizia lilikuwa mbele ya watu wote.

Kuhusu ibada tunasema wazi, ingawa ni sisi wenyewe tuliokosea. Siku za mwanzo chakula kiligawiwa baada ya maombi. Hakuna aliyelazimishwa, lakini familia za Kiislamu, na hata Wakristo wa dhehebu lingine, zilikuwa zinasubiri nje mpaka amina, kisha zinaingia mwisho wa foleni. Ustadh wa msikiti alituita pembeni akatueleza kwa upole. Katiba inasema hakuna dini ya taifa, na kambi iliyo kwenye mkataba na kaunti ni huduma ya umma. Sasa saa ya chakula haina ibada mbele yake wala nyuma yake, ng'ombe anachinjwa na mtu wa msikitini ili kila mtu ale, na anayetaka kuomba anajua kanisa liko wapi na msikiti uko wapi.

Kwa watoto, andikeni kwenye mkataba kwamba hakuna mtoto anayetoka kambini na mtu asiye mzazi au mlezi bila afisa wa watoto. Gari lilikuja kwetu siku ya nane, watu waungwana, wakitaka kuwachukua watoto wanne "wakatunzwe kwenye kituo". Mama yao alikuwa amekwenda kutafuta ng'ombe. Mpango wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe kwenye familia, na umaskini wa siku chache si sababu ya kumtoa mtoto kwao. Nambari 116 ya kusaidia watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia zimebandikwa kwenye mlango wa kila choo cha wanawake, mahali ambapo mtu anaweza kuzisoma peke yake.

Kufunga kambi ni kugumu kuliko kuifungua. Mwaka ule wa 2024 shule zilizotarajiwa kufunguliwa 29 Aprili zilisogezwa mbele, zikafunguliwa 13 Mei, na madarasa ya jirani tuliyokuwa tumeyaazima yalihitajika. Hatukuwa tumekubaliana na mtu yeyote kuhusu kuondoka. Watu walitolewa kwa siku moja, wengine wakarudi kwenye nyumba zenye tope la magotini, na wiki mbili baadaye baadhi yao walirudi kwetu wakiugua. Mkataba sasa unasema madarasa hayatumiki zaidi ya siku 7. Kambi inafungwa kijiji kwa kijiji, afisa wa afya ya umma akishapita na visima vikiwa vimetibiwa. Na kila nyumba inaondoka na mgao wa siku 14, chandarua na mtungi. Safu ya tarehe ya kutoka inajazwa, kadi inarudishwa, na mashimo ya vyoo vya muda yanafukiwa kwa chokaa na udongo kabla ya yeyote kuondoka na ufunguo.

Ripoti inapelekwa ndani ya siku 14, kurasa tatu: watu walioingia na kutoka, kila kilichopokelewa na aliyekileta, na kila kilichotolewa. Msimu wa pili tulikuta marobota matatu ya unga hayana maelezo. Tuliyaandika hivyohivyo, "hayaonekani", na naibu wa chifu, kanisa na akina mama wakasaini chini yake. Afisa wa kaunti alisoma mstari ule mara mbili, akauliza maswali mawili, akaipokea ripoti. Wiki iliyofuata alituma mtu kupima uwanja kwa ajili ya vyoo.

Vinne kati ya sita vimekamilika. Tangi limefika, bado halina mfuniko wa kufunga. Barua ya kuomba vyoo viwili vilivyobaki na mfuniko huo imeshagongwa mhuri wa kupokelewa, na mwezi huu vijana wanapaka nguzo ya kivukoni rangi upya, kwa sababu ile njano imeanza kufifia.